Mashine ya Mkono Mmoja

Niseme mapema kabisa, maana mimi hadithi za kumpandisha mtu presha sizipendi: huyu mama hafi, na mkono wake haukatwi. Kwa hiyo kaa, pumua, usikilize kwa raha. Aliyekaa roho juu ni yeye, miezi minne mizima, na kwa ujinga wake mwenyewe. Huo ujinga ndio nataka kuusimulia.

Mtaani walimwita Bi Mizani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na saba, mwenye jiko kubwa kuliko sebule, na katika jiko hilo hakuna kitu kilichoingia kwenye bakuli bila kupimwa. Unga alipima, sukari alipima, mayai alipima na maganda yake, kisha akayavunja akayapima tena bila maganda, akaandika tofauti kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Ukimwambia, "Lakini mama, yai si yai tu?" anakutazama kama umemtukania wazazi. Mikate na keki zake zililiwa katika nyumba kumi na moja za mtaa ule, na watu wa nyumba hizo walikuwa wameshasahau mkate wa dukani una ladha gani.

Sasa, miezi minne kabla ya siku yenyewe, vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kufa ganzi. Gumba, cha shahada na cha kati. Mwanzoni alidhani ameulalia mkono. Baadaye ikawa kila akiamka anaupunga hewani kama anayefukuza nzi, mpaka damu irudi. Halafu ganzi ikahamia mchana. Kijiko kinaanguka, sindano haishikiki, kifungo cha blauzi kinamla dakika tano.

Mtu mwingine yeyote mwenye akili zake angekwenda hospitali. Bi Mizani hakwenda, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo. Ganzi mkononi, wiki ya pili mkono ukalegea, ya tatu mdomo ukaenda upande, na baada ya hapo ni kitanda, miaka sita. Aliyemlisha, akamgeuza na kumwosha miaka yote sita ni huyuhuyu Bi Mizani. Njia ile aliijua hatua kwa hatua. Basi alipoona ganzi akajiambia, "Haya, zamu yangu imefika," akafunga mdomo. Hakumwambia mwanawe aliyekuwa kazini mji wa mbali, hakumwambia jirani, na zaidi ya wote hakumwambia wifi yake.

Alichofanya ni kuamua kununua mashine. Ndiyo, mashine! Hesabu yake ilikwenda hivi: mkono wa kulia unaondoka, wa kushoto unabaki. Akipata mashine nzuri ya kukandia unga, ile ya kusimama yenyewe mezani, ambayo mtu anaweza kuiendesha kwa mkono wa kushoto peke yake, na iwe imara, idumu kuliko yeye mwenyewe, basi ataoka mpaka siku itakaposhindikana kabisa, na hakuna atakayejua kabla ya hapo. Wengine wakiogopa hulia. Yeye alikwenda kuchagua mashine.

Na angekwenda peke yake, kama si Wifi.

Wifi alikuwa dada wa marehemu mume wake, karani mstaafu wa posta. Miaka thelathini ya kugonga mihuri ilikuwa imemwachia tabia ya kupiga meza kila akitoa hoja, hata kama hoja yenyewe ni chumvi imezidi. Wawili hao walikuwa wakitaniana na kugombana tangu siku ya harusi. Marehemu alipoondoka, badala ya ugomvi kupungua ukaongezeka, maana hapakuwa tena na mtu wa kuwaamua.

"Unakwenda kununua mashine bila mimi?" Wifi alisema Jumamosi ile asubuhi, akiwa ameshaingia jikoni bila hodi. "Wewe na aibu zako hizo? Utauziwa jiwe, urudi unasema asante."

"Sijakuita."

"Ndiyo maana nimekuja." Akafungua kabati, akatoa mashine ya zamani, ile ndogo ya kushika mkononi, akaitumbukiza kwenye mkoba wake na waya wake. "Na hii twende nayo. Huenda wanapokea kuukuu, wakapunguza bei."

Bi Mizani hakubisha. Alikuwa na siri nyingine, nayo ilikuwa kwenye mfuko: chombo cha plastiki chenye kifuniko, na ndani yake kilo moja na nusu ya unga wa mkate, umeshakandwa nusu. Alikuwa ameapa hanunui mashine kwa maneno ya mtu. Itakanda mbele ya macho yake au ibaki dukani.

Duka lenyewe lilikuwa la vioo, lenye joto, na mashine zimepangwa kwenye meza ndefu kama wanafunzi mstarini. Muuzaji alikuwa bwana wa makamo mwenye tai na tabasamu lisilozimika.

"Karibuni, mama zangu. Mashine za keki? Mmefika penyewe. Hii hapa ina wati elfu moja na mia tano."

"Wati ndiyo nini?" Wifi akauliza.

"Nguvu, mama."

"Nguvu ya kukanda unga au nguvu ya kula umeme?"

Bwana yule akacheka, akahamia mashine ya pili. Ya pili ilikuwa na wati nyingi zaidi. Ya tatu ilikuwa na kasi kumi na mbili na taa ya bluu. Nakwambia, alisifia taa ile mpaka ukadhani ndiyo inayoivisha mikate. Bi Mizani hakusikia hata neno. Alikuwa anapita mezani na mkono wake wa kushoto, anainua kichwa cha mashine, anakifunga, anazungusha bakuli, analitoa, analirudisha. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mtandio, umeshika mfuko.

"Mbona leo umegeuka wa kushoto?" Wifi akamuuliza.

"Wa kulia una mfuko."

"Mfuko si uweke chini?"

"Una kitu."

"Kitu gani?"

Kitu chenyewe kikajijibu. Kwa lile joto la duka, unga ulikuwa umeumuka kwa raha zake tangu wameingia, na sasa kifuniko kikaruka, puu!, na donge jeupe likachungulia nje ya mfuko, likaanza kushuka polepole kwenye meza ya vioo.

"Mama!" Tabasamu la muuzaji likazimika kwa mara ya kwanza. "Mama, hapa hatukandi!"

"Gari utanunua bila kuliendesha?" Bi Mizani akamwambia.

"Mpe bakuli, kijana wa watu," Wifi akasema, na akapiga meza. "Kama mashine zako ni nzima, unaogopa nini?"

Wateja wawili wakasogea kutazama, na muuzaji akaona afadhali akubali kuliko kubishana na watu wazima hadharani. Unga ukaingia kwenye ile ya wati elfu moja na mia tano. Dakika ya tatu ikatoa harufu ya waya kuungua, ikasimama. Ukahamishwa kwenye ile yenye taa ya bluu. Hiyo ilikanda, sitasema uongo, lakini ilikuwa inakanda huku inatembea, na Wifi akaidaka ikiwa imefika ukingoni mwa meza.

Pembeni kabisa kulikuwa na moja ya kijivu, nzito, sura mbaya, haina taa wala urembo. Bakuli lake lilikuwa linaning'inizwa kwenye mikono miwili ya chuma, huku na huku, kisha unalisukuma kwa nyuma mpaka lishike. Bi Mizani akalijaribu kwa mkono wa kushoto. Likaingia upande mmoja, upande wa pili likachomoka, na lingeanguka sakafuni kama Wifi asingelidaka hilo nalo.

"Hiyo ni ya watu wenye mikono miwili, mama," muuzaji akatania.

Alitania tu, maskini, hakujua. Lakini Bi Mizani maneno yale yalimchoma, akageuza uso akajifanya anasoma bei.

Halafu akaiona nyekundu. Nyepesi, nzuri, unabonyeza kitufe kimoja kwa kidole kimoja kichwa kinainuka chenyewe, bakuli unalizungusha robo tu linafunga. Mkono wa kushoto uliimudu kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake. Ikakanda unga, polepole lakini ikakanda. Bi Mizani akashusha pumzi. Hii hapa, akajiambia. Hii nitazeeka nayo, hata nikibaki nusu.

"Nachukua hii."

"Huchukui," Wifi akasema. "Kwanza tukamuulize fundi. Kuuliza si ujinga."

"Wifi, mimi nimeshachagua!"

"Na mimi nimeshasimama." Kweli, alikuwa ameshasimama mlangoni.

Fundi alikuwa mitaa miwili nyuma ya duka, kwenye chumba chembamba kilichojaa feni zisizo na uso, pasi zisizo na waya na blenda zilizopanuliwa matumbo. Watu walimwita Fundi Kimya, kwa sababu alikuwa anaongea kama mtu anayelipia kila neno. Aliwapa vigoda viwili, akaendelea kukaza skrubu yake.

"Fundi," Wifi akaanza, "mashine ya kukandia isiyoharibika ni ipi?"

"Hakuna."

"Ala! Hakuna kabisa?"

"Kila kitu kinaharibika. Niulize ipi inatengenezeka."

Bi Mizani akamweleza ile nyekundu. Fundi akainama chini ya meza, akavuta sanduku, na ndani yake wakazikuta nyekundu tatu, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na ile ya dukani.

"Zimegundishwa kwa gundi," akasema. "Hakuna skrubu. Gia ni plastiki tupu. Ikikatika, unatupa. Mwaka, mwaka na nusu."

Bi Mizani akalisukuma lile sanduku kwa mguu. "Na ile ya kijivu? Nzito, mbaya mbaya?"

Kwa mara ya kwanza fundi akainua macho. "Ile huja hapa kila baada ya miaka minane, tisa. Skrubu sita. Nabadilisha kaboni za mota, natia grisi, inaondoka. Ina gia moja laini ndani, wameiweka makusudi. Ukizidisha unga, hiyo ndiyo inavunjika na mota inabaki salama. Gia zenyewe ninazo kwenye kopo lile." Yalikuwa maneno yake ya wiki nzima.

"Lakini ile inataka mikono miwili," Bi Mizani akasema, na hakukusudia kusema.

"Wewe si unayo?"

Bi Mizani akatazama sakafu. Kama angefungua mdomo wakati ule angelia, na yeye hakuwahi kulia mbele ya Wifi, hata msibani walipomzika mumewe alikwenda kulilia chumbani. Wifi naye, sijui kwa kuona vile au kwa vile tu mdomo wake hauwezi kukaa bure, akachomoa ile mashine ndogo ya mkono kwenye mkoba.

"Hii nayo itazame, fundi. Labda itafaa kwa spea."

Fundi akaichomeka. Mama yangu! Mashine ikaruka kama kuku aliyekanyagwa, ikazunguka mezani yenyewe, ikaangusha kopo la misumari. Akaizima. Akachomoa kijiti kimoja cha kupigia, akakitazama kwa jicho moja.

"Shafti imepinda. Beringi zimeisha. Nani alikuwa anaishika hii?"

"Mimi," Bi Mizani akasema.

"Kwa kupigia mayai?"

"Mayai, keki, na unga wa mkate."

"Unga wa mkate? Kwa hii?" Fundi alikuwa amekasirika kweli, kama mtu aliyeona punda amebebeshwa nyumba. "Muda gani?"

"Dakika ishirini, nusu saa kila donge. Madonge matatu kwa siku ya kuoka. Siku nne kwa wiki. Ilianza kutikisika mwaka jana, nikawa naibana zaidi."

"Unaibana kwa mkono gani?"

Bi Mizani akauficha zaidi mkono ndani ya mtandio. Fundi akaweka bisibisi chini, akakunja mkono wa shati lake, akamwonyesha kifundo cha mkono wake wa kulia. Kulikuwa na kovu dogo, jembamba, limenyooka.

"Mimi kabla ya hapa nilikuwa nakata vyuma kwa grainda, miaka kumi na mmoja. Inatikisa hivihivi. Vidole vitatu vikafa ganzi, hivi hapa. Kikombe kilikuwa kinaanguka. Naamka napunga mkono."

"Unapunga hivi?" Bi Mizani akauliza, na mkono wake wa kulia ukatoka kwenye mtandio, ukapunga.

"Hivyohivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, mama." Akairudisha ile mashine kwa Wifi kwa ncha za vidole kama kitu kichafu. "Lakini mimi ni fundi wa mota, si wa watu. Zahanati iko pale kona. Nenda leo."

Basi hapo ndipo alipolia. Alilia amekaa kwenye kigoda katikati ya feni, amekishika kifundo chake cha mkono, akatoa yote kwa mkupuo: mama yake, ganzi, wiki ya pili, wiki ya tatu, kitanda, mashine ya kuendeshwa kwa mkono mmoja, yote. Fundi akageukia ukuta akajishughulisha na misumari yake iliyomwagika. Wifi hakusema hata neno moja. Jambo hilo lingepaswa kumshtua Bi Mizani, maana Wifi kukaa kimya ni kama redio kuzimika katikati ya taarifa ya habari, lakini siku ile Bi Mizani alikuwa na yake ya kutosha. Wifi alimshika tu kwapani, akamwinua.

Kwenye benchi la zahanati ndipo mdomo ulipomrudia. "Mficha uchi hazai! Miezi minne! Mtu anapima yai mara mbili, mkono wake mwenyewe hapimi hata mara moja!"

"Punguza sauti, Wifi, watu wanasikia."

"Wasikie! Labda na wao wanaficha!"

Bibi mmoja mkabala nao akaangalia chini haraka.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na mikono baridi. Alimpima presha, akamwambia atabasamu, akamwambia anyanyue mikono yote miwili na afumbe macho. Akamchoma kwa ncha ya kalamu, kidole kimoja kimoja.

"Na hiki cha mwisho, kidogo?"

"Hicho kizima. Hakijawahi kufa ganzi."

"Mdomo? Mguu? Maneno kukwama?"

"Hapana."

Daktari akamgonga kwa kidole kwenye kifundo cha mkono, na Bi Mizani akaruka, maana kitu kama umeme kilikimbia mpaka kwenye ncha za vidole. "Enhee," daktari akasema, na akaonekana amefurahi. "Mama, kiharusi hakichagui vidole vitatu kikaacha cha nne na cha tano. Huu ni mshipa wa fahamu, unapita hapa kwenye kijia chembamba, na wewe umeubana na kuutikisa mwaka mzima. Presha yako ni nzuri kuliko yangu. Nitakupa kifaa cha kufunga mkono unapolala, na hiyo mashine usiiguse tena. Wiki sita, uje nikuone. Ikigoma kuna upasuaji mdogo, lakini sidhani kama tutafika huko."

"Kwa hiyo siyo…"

"Siyo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Bi Mizani alitoka mle ndani, akafika katikati ya ukumbi, akaanza kucheka. Si kicheko cha adabu. Ni kile cha kutoka tumboni, cha kumfanya mtu ashike ukuta. Miezi minne alikuwa amebeba kitanda cha mama yake mgongoni, na sasa mtu amekuja amekitua kwa kugonga kidole. Mwili ukawa mwepesi mpaka akaogopa ataanguka. Alimkumbatia Wifi, jambo ambalo hawakuwahi kufanya hata siku ya harusi, na Wifi akasema, "Haya, haya, unanilowesha machozi," lakini naye hakumwachia upesi.

Walirudi dukani muuzaji akiwa anavuta pazia la chuma. Alipowaona rangi ikambadilika, akatazama kwanza kama kuna mfuko.

"Hakuna unga," Bi Mizani akamwambia. "Nataka ile ya kijivu."

"Ya kijivu? Lakini mama, bakuli lile…"

"Ni la watu wenye mikono miwili, ulisema. Ninayo."

Akalishika bakuli huku na huku. Vidole vilikuwa bado na ganzi, usidhani zahanati ni muujiza, lakini ganzi ile sasa ilikuwa imepata jina dogo na dawa yake. Alilipachika kushoto, akalipachika kulia, akalisukuma nyuma, likalia ko! Muuzaji akampigia makofi. Kuibeba mpaka nyumbani kulihitaji mkokoteni na wanaume wawili, na Wifi aliwasimamia njia nzima kama anayesafirisha mzigo wa serikali.

Nikwambie kuhusu mashine ile? Inakanda. Basi. Unaweka unga, unawasha, unavuta kiti, unakunja mikono, unaitazama inahangaika badala yako. Wiki ya kwanza Bi Mizani alikuwa anaiambia asante.

Wiki ya tano, alikuwa amevunja mayai kwa ajili ya keki, akaingiza vidole kwenye bakuli kutoa kipande cha ganda, kale kadogo kama kucha ya mtoto, kanakokimbia kila ukikafuata. Akakipata mara ya kwanza. Alikuwa ameshakiweka pembeni na ameshageukia sukari ndipo akatambua amekishika kwa vidole gani. Akakirudisha kipande kile kwenye bakuli, akakitafuta tena, akakipata tena. Alifanya hivyo mara tano, peke yake jikoni, na mwisho ikabidi aketi.

Habari ile haikungoja kesho. Mkate uliokuwa tayari kwenye oveni ulipoiva akaufunga kwa kitambaa ungali wa moto, akaenda nao kwa Wifi. Kwa miezi kadhaa Wifi alikuwa hamkaribishi kwake. Mara nyumba inapakwa rangi, mara kuna bomba linavuja, "nitakuja mimi kwako." Leo hakungoja kukaribishwa.

Wifi alifungua mlango akakuta mtu anampungia vidole usoni. "Nimeshika ganda la yai, Wifi! La yai!"

"Hongera. Wenzako wanashika na kuku wenyewe." Lakini alikuwa amecheka mpaka kwenye macho. "Ingia. Kanawe mikono, nachemsha chai."

Bi Mizani akaingia bafuni. Akafungua maji, akainua macho kutafuta sabuni, na akayaacha maji yanamwagika.

Ukutani kando ya choo kulikuwa na bomba nene la chuma, limekazwa kwa skrubu kubwa, kwenye usawa wa mkono wa mtu aliyeketi. La pili lilikuwa mahali pa kuogea, na chini yake kigoda kifupi chenye miguu ya mpira. La tatu lilikuwa hapo hapo mlangoni, pa kujishika mtu anapoingia. Yote yalikuwa mapya. Na yote matatu yalikuwa upande wa kushoto.

"Wifi," akaita, "haya mabomba ni ya nini?"

"Ya kutundikia taulo," Wifi akajibu kutoka jikoni.

"Taulo gani linataka skrubu nane?"

Wifi akaja akasimama mlangoni, kisu cha mkate mkononi. Akatafuta uongo mwingine, ukakosekana.

"Umeyaweka lini?"

"Siku nyingi. Tangu uliponipa chai kwa mkono wa kushoto. Wewe, na adabu zako zile, unipe mimi chai kwa kushoto? Nikajua kuna jambo. Nikajua na jambo lenyewe, maana mama yako nilimwona."

"Ulijua! Na siku zote hukusema?"

"Wewe ulificha, mimi ningefichua? Nilijua ukishindwa peke yako utakuja. Si ungekwenda wapi? Nikasema akija, pawe tayari."

Bi Mizani aliketi kwenye kile kigoda chenye miguu ya mpira. Akalishika bomba la chuma, na chini ya vidole vyake akalisikia, la baridi, lenye matone ya rangi yasiyokwanguliwa vizuri, na kila skrubu na kichwa chake.

"Usinitazame hivyo," Wifi akasema, akanyoosha mkono akayafunga maji. "Nitayatumia mwenyewe nikizeeka. Hebu toka huko bafuni, mkate unapoa."